Mtoto aliyegoma kuchagua nchi

Somo lenyewe ni jepesi kuliko yote kwenye kitabu. Ukurasa umejaa bendera, minara na sahani za chakula, na chini kuna sentensi moja ya kumalizia: I want to go to... Mtoto anachagua nchi, anasema kwa nini, wenzake wanapiga makofi, tunasonga mbele.

Nimelifundisha karibu shule zote ninazozunguka, maana mwalimu msaidizi wa Kiingereza huku Japani hana shule moja, leo uko hapa kesho uko kule na begi la kadi za picha mgongoni. Wengi wanachagua Italia kwa ajili ya pizza, Brazili kwa ajili ya mpira, Marekani kwa sababu ndo Marekani. Mara mojamoja anatokea mtoto ananionea huruma anachagua Tanzania.

Sasa ile shule ya juu kabisa, kule bonde la Iya, darasa la sita lina mtoto mmoja. Msichana. Akasimama kando ya kiti chake kama walivyozoeshwa, akauangalia ule ukurasa muda mrefu, alafu akasema kwa Kiingereza cha kuungaunga: I don't want to go.

Mwalimu wa darasa akacheka, akamwambia kwa Kijapani chagua tu yoyote, ni mazoezi. Binti akatikisa kichwa. Wala hakuwa na jeuri, wala hakununa, alikuwa anatoa taarifa. Mwalimu akaniangalia mimi. Mimi nikasema very good, tukafungua ukurasa unaofuata.

Hilo jibu limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa.

Jengo la mamia

Mnaonisoma siku zote mnajua niko Tokushima, kisiwa cha Shikoku, kwa hiyo sirudii habari za nilifikaje fikaje. Niseme tu kwamba huu ndo mkoa pekee Japani usio na treni ya umeme hata moja. Zetu ni za dizeli, behewa moja au mawili, zinanguruma zikipanda. Mkisikia Japani mnawaza shinkansen, ile treni ya kasi, Shikoku nzima haipo.

Shule ya huyo binti ilijengwa kwa ajili ya watoto mamia. Ukiingia tu unakutana na makabati ya viatu, maana unavua vya nje unavaa vya ndani, na yale makabati yamejaa ukuta mzima, vyumba vidogovidogo vya mbao mpaka mwisho wa korido, ila vyenye viatu ni vichache vya upande wa mlangoni. Vilivyobaki vyote vitupu. Ukiinama unaona alama za gundi pale zilipobanduliwa stika za majina, na mahali pengine stika yenyewe ipo bado, jina limefifia, mwenye jina sasa hivi labda ana wajukuu Osaka.

Watoto ni kumi na mmoja. La tatu na la nne wanakaa chumba kimoja na mwalimu mmoja, ubao uko mbele na mwingine uko nyuma, anawaachia hawa hesabu anageuka anaenda kwa wale. Ukijumlisha watu wazima, mkuu, makamu, walimu, nesi, karani, mzee wa kukarabati, na mimi siku zangu, tunakaribia kuwafikia watoto kwa idadi.

Chakula cha mchana tunakula wote pamoja. Mkuu wa shule anakula wa kwanza, na ni utaratibu rasmi kabisa, anaonja kama chakula kiko salama ndo watoto wapakuliwe. Nilivyomsimulia rafiki yangu anayefundisha Handeni alicheka sana, akasema mbona hata kwetu mkuu anakula wa kwanza, tofauti ni sababu tu.

Na ile video ya watoto wa Kijapani wakifanya usafi shuleni mnayonitumia kila mwezi: ndiyo, ni kweli, wanafagia. Si hata sisi tulifagia jamani, tena na kumwagilia bustani na kubeba maji. Tofauti niliyoiona mimi ni kwamba mkuu wa shule naye anapiga magoti na tambara. Na kwamba hapa kwetu watoto kumi na mmoja hawawezi kulimaliza jengo la mamia, kwa hiyo ghorofa ya juu wanaifikia siku mojamoja.

Huyo rafiki wa Handeni ana watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja. Mnakumbuka 2016, elimu bila ada imeanza, watoto wamemiminika, nchi nzima inachangishana madawati mpaka wakuu wa mikoa wanapiga picha na mbao. Siku moja nikapiga picha stoo ya ile shule: madawati mazima, mguu wa chuma juu mbao, yamepangwa yamebebana mpaka karibu na dari. Nikamtumia.

Akajibu, "Unanichokoza."

Papa kwenye bwawa la kuogelea

Mi wikendi sikai ndani. Nina kigari cha namba za njano, injini ndogo kiasi kwamba mlimani lori la magogo linanipita, na nikitoka Jumamosi asubuhi huwa sirudi mpaka giza. Zamani nilikuwa naenda wanakoenda wote. Daraja la mizabibu la Iya nimelivuka, mita 45 za kamba za porini zinazosukwa upya kila baada ya miaka mitatu, na mapengo ya kukuonesha mto chini ya miguu. Dansi ya Awa, ile ngoma ya mitaani ya hapa Tokushima, mwezi wa nane nimecheza mpaka goti likavimba.

Ila baada ya lile somo nikajikuta naenda sehemu za aina moja tu. Shule zilizofungwa.

Sikupanga hivyo. Ya kwanza ilikuwa Muroto, mkoa wa jirani wa Kochi, ambako shule ya msingi iliyokosa watoto imegeuzwa nyumba ya maonesho ya samaki tangu 2018. Nikaamua njiani nipande lile basi la mji wa Kaiyo ambalo ni basi na ni treni. Linakuja kwa matairi, linasimama, muziki unapigwa, vyuma vinashuka chini ya tumbo lake, sekunde kumi na tano hivi, alafu linaondoka juu ya reli. Wanasema ndo la kwanza duniani kubeba abiria wa kawaida, tangu Desemba 2021. Nilikaa na bibi wawili na begi la vitunguu. Hao ndo abiria wote.

Barabara ya kuelekea Muroto inafuata bahari, na pembeni unawaona mahujaji wa mahekalu 88 ya Kibudha ya Shikoku wamevaa nyeupe, fimbo mkononi, wengi wazee waliostaafu. Kutoka hekalu la 23 kwenda la 24 ni kilomita kama 75, na wapo wanaokomaa kwa miguu yote hiyo.

Basi nikaingia kwenye ile shule. Ngazi ni za shule, saa ya ukutani ni ya shule, mizani ya kupimia watoto uzito ipo. Matangi ya samaki yamepangwa madarasani. Nje, bwawa la kuogelea la mita 25, lile ambalo kila mtoto wa Kijapani anakumbuka maji yake ya baridi, sasa hivi wanaogelea kasa na papa.

Watu wamejaa. Familia, vicheko, simu juu. Kwa hesabu ya haraka mle ndani siku ile kulikuwa na watoto wengi kuliko niliowaona kwenye mji mzima nje.

Nilifurahi, sidanganyi. Nilivyofika kwenye gari ndo nikaanza kuwaza: hii shule kwa miaka yote hiyo iliwafundisha watoto wa wavuvi kusoma, kuhesabu, kutamka vizuri. Ikawafundisha vizuri kweli. Wakaondoka wote.

Barabara ya 439

Kuna wenyeji wanaoiogopa. Kwenye ramani imeandikwa barabara ya taifa, ukifika ni lami ya gari moja, upande huu mwamba upande ule hewa, na ukikutana na mwenzio mmoja wenu anarudi kinyumenyume mpaka kwenye kona yenye nafasi. Mimi nimekulia juu ya Soni, milima ya Usambara, nimepanda na kushuka ile njia ya Mombo kwenda Lushoto tangu nabebwa mgongoni, kwa hiyo mkono haukutetemeka sana. Wapiga honi wa kwetu wangetajirika huku.

Barabara hiyo inapita Nagoro. Wengi mmeshaona picha zake: kijiji ambacho midoli ni mingi kuliko watu. Mama mmoja, Ayano Tsukimi, alirudi kutoka Osaka miaka ya 2000 kumtunza baba yake, akatengeneza sanamu la kufukuza ndege shambani, likafanana na mzee, basi akaendelea. Anayekufa au kuhama anatengenezewa wa kwake. Wapo kituo cha basi wamekaa wanasubiri, wapo shambani, wapo kwenye nguzo wanatengeneza umeme.

Shule ya pale ilifungwa 2012. Wanafunzi wa mwisho walikuwa wawili, na walijitengenezea midoli yao wenyewe, wakaivalisha nguo zao wenyewe, wakaiacha darasani.

Kulikuwa na watalii wengine, kijana wa Kizungu na mpenzi wake, wanacheka wanajipiga picha na mdoli wa mwalimu. Nikakasirika, yaani hasira ya kweli, na nikashindwa kuelewa namkasirikia nani. Si kijiji changu. Hata mimi simu ilikuwa mkononi. Huyo mama mwenyewe anakaribisha wageni, anafundisha watu kushona, hajamlilia mtu.

Nadhani kilichoniuma ni wale wawili. Mwaka ule nao bila shaka kuna mtu aliwaambia chagueni nchi.

Soma uondoke

Mi Kiingereza nimekijua vipi? Shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari ghafla kila kitu Kiingereza, ukikutwa unaongea Kiswahili unakwenda kufyeka. Mama alikuwa na sentensi moja tu ya kunihimiza, na wengi wenu mliozaliwa milimani mliambiwa hiyohiyo: soma uondoke kwenye hili jembe. Nikasoma. Kiingereza kikanitoa Soni kwenda Tanga, kikanitoa Tanga kwenda Dar, kikanipandisha ndege.

Kwetu walioondoka ni mashujaa. Ukienda Kariakoo utawakuta vijana wa Kisambaa wamejaa, na kila mmoja kijijini anatajwa kwa heshima hata kama analala watu sita chumba kimoja. Kaka yangu mkubwa, akili zake darasani zilikuwa nzuri kuliko zangu, akasema yeye anabaki na shamba. Viazi, kabichi, njegere, plamsi msimu wake. Miaka yote hiyo nyumbani akitajwa, sauti inashuka kidogo. Mama alikuwa akiulizwa watoto wako wako wapi anaanza na mimi.

Kwa hiyo nikiwa darasani na zile kadi za bendera najua vizuri nagawa nini. Nagawa nauli.

Mtu ataniambia mbona kitabu kina somo la mji wetu. Lipo kweli. Tuna mto, tuna hekalu, karibuni. Lisome vizuri: ni somo la kumwelekeza mtalii. Alafu mwisho mtoto anajaza mji unakosa nini, wanaandika uwanja wa michezo, maduka makubwa. Sentensi ya mtu anayetaka kulima pale alipo haimo, na mimi katika miaka yangu yote ya kusoma Kiingereza kwetu sikumbuki kuiona.

Udongo unaopandishwa

Novemba shule ilitoka kwenda kumsaidia bibi wa yule binti kuvuna soba, nafaka ya kutengenezea tambi, shambani. Na hapa ndipo kila kitu kilipogeuka.

Mashamba ya huko yako kwenye mteremko mpaka nyuzi 40. Hayana matuta. Wanalima ule mteremko ulivyo, na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliutambua huo ukulima kama urithi wa dunia wa kilimo mwaka 2018. Pembeni ya shamba zimesimama piramidi za nyasi kavu, zimefungwa kuzunguka mti mmoja, ndefu kuliko mimi. Nikauliza za nini. Bibi akachomoa fungu, akalikatakata, akalitandaza kwenye udongo, akalikanyaga kwa kisigino. Zinashika udongo na maji, zikioza ni mbolea.

Aisee, nilicheka peke yangu. Kwetu Waingereza miaka ya 1950 waliwalazimisha wazee kuchimba matuta mpaka wakagoma, miaka ya 1980 ukaja mradi wa Wajerumani wa kupanda majani ya gwatemala kukinga mmomonyoko, na bado kila masika mama alikuwa anasimama ukingoni anaangalia maji mekundu yanashuka anasema, shamba letu hilo linakwenda Mombo.

Alafu bibi akachukua kifaa. Mpini mrefu, kichwa cha chuma chenye meno machache mapana yaliyopinda. Akasimama juu ya shamba, akakishusha chini kadri mkono ulivyofika, akavuta. Udongo ukapanda. Akashusha tena, akavuta. Kila mwaka, kabla ya kupanda, wanaupandisha kwa mkono udongo ulioteremka. Anafanya hivyo tangu alipoolewa. Kabla yake mama mkwe.

Nikaomba nijaribu. Dakika chache tu mgongo ukaniambia nimekuwa mwalimu.

Yule binti akakichukua mkononi mwangu bila kusema kitu, akaweka mguu mmoja juu mmoja chini, akavuta kama bibi yake, mkupuo uleule. Darasani anaongea kwa kunong'ona. Pale alikuwa anawaelekeza walimu wasikanyage wapi.

Bibi anashukuru

Wakati wa kupumzika tulipewa viazi vidogo vya hukohuko, vimechomwa kwenye mshikaki na tofu ngumu, vimepakwa miso, ule mchuzi mzito wa soya. Bibi akanisogelea, akainama, akaninong'oneza ili mjukuu asisikie. Alikuwa ananishukuru. Sensei, asante kwa kumfundisha Kiingereza, huku hakuna kitu, nataka aende mbali, aone dunia.

Mama yangu mtupu.

Nilijiandaa kumlaumu kila mtu, kitabu, wizara, mimi mwenyewe, kumbe anayesukuma kwa nguvu zaidi ni yule aliyeshika mpini, na anasukuma kwa mapenzi, kwa sababu anajua uzito wake. Mimi mwenye mgongo wa dakika chache nina haki gani ya kumwambia mjukuu abaki? Ni rahisi sana kukipenda kijiji ambacho Jumapili jioni unakiacha. Hilo nimeliwaza sana nikirudi na kigari changu. Nilitaka abaki kwa ajili yake, au nilitaka kuwe na mtu mmoja tu anayebaki ili mimi niliyeondoka nipunguziwe mzigo?

Sina jibu safi. Ninachojua ni kwamba kwa yeye swali lenyewe lina tarehe. Sekondari ya juu huko bondeni hakuna. Akifika miaka kumi na mitano atashuka mjini akapange chumba, apende asipende. Mwaka 2024 nchi hii ya watu zaidi ya milioni 120 ilizaa watoto pungufu ya laki 7, ilikuwa haijawahi kutokea tangu waanze kuhesabu, kwa hiyo hakuna atakayemfungulia shule nyingine pale juu. Ataondoka. Labda atarudi kama yule mama wa Nagoro, kumtunza mtu.

Kwa hiyo wiki iliyofuata sikumletea bendera. Nilimuuliza mwalimu wa darasa kama tunaweza kutumia kipindi kimoja, yeye na mimi na yule binti, kujifunza kuelezea lile shamba kwa Kiingereza. Akakubali, na akakaa na kamusi yake kabisa. Tukaandika mteremko, nyasi, udongo, kupandisha. Sentensi za kumfundisha mtu mwingine kazi. Aliniuliza maneno mengi siku ile kuliko mwaka mzima, akataka kujua namna ya kusema usikanyage hapo.

Voisi ya kaka

Jioni nikamtumia kaka picha za zile piramidi na video ya bibi anapandisha udongo. Nikaweka na maelezo marefu, urithi wa dunia, FAO, hisia zangu zote. Kaka si mtu wa kuandika, akatuma voisi, nyuma nasikia mbuzi na watoto.

"Dogo, nimeona. Hizo nyasi tunazo, ila hatuzirundiki hivyo, wazo zuri. Sasa, hivyo viazi wanauza kilo bei gani? Na huyo mama analima hiyo milima peke yake, vijana wake wako wapi?"

Nikamwambia wako mjini. Akanyamaza kidogo, akasema haya. Akarudi kwenye bei, nikamtajia, akaguna, akaanza kuzidisha kwa sauti akakata katikati, akasema gharama za kuishi huko nazo si ndo hizohizo. Alafu akasema ile video kaitazama mara nyingi, kwamba tatizo la hilo jembe lenye meno ni upana wa jino, kwa udongo wetu wa utelezi yangefaa membamba zaidi, na Desemba nikija nisihangaike na chokoleti, nimletee hilo.

La bibi lilifuliwa na mhunzi ambaye ameshafariki. Nimeenda duka la vifaa vya shamba, wanayo ya kiwandani, meno yanakaribiana. Shida ni mpini, mrefu, hauingii kwenye begi lolote. Kaka anasema nibebe chuma tu, mpini atachonga mwenyewe, mti anao.